Ukungu, Kuvu na Sumukuvu: Haja ya Istilahi Bainifu katika Elimu ya Kuvu za Nyuzi

1.0 Utangulizi

Mnamo mwaka 2004, wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika nchini Kenya zilikumbwa na maafa ambayo chanzo chake kilikuwa chakula cha kila siku. Hadi kufikia tarehe 20 Julai mwaka huo, watu 317 walikuwa wameugua na 125 miongoni mwao walikuwa wamefariki dunia baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Mwaka 2016 maafa ya namna hiyo yalitokea katika Tanzania ya kati, hususan katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambako watu 68 waliugua na 20 wakafa. Sumu hiyo hutengenezwa na viumbe ambao kila mzungumzaji wa Kiswahili amekwisha kuwaona juu ya mkate uliolala au nafaka iliyopata unyevu, na ambao huwaita ukungu au kuvu.

Viumbe wa jamii hiyohiyo ndio waliompa binadamu penisilini, asidi ya sitriki inayotiwa katika vinywaji, na vimeng'enya vinavyotumika katika viwanda vya vyakula, nguo na sabuni. Hivyo basi, elimu ya kuvu ni elimu ya kiumbe mmoja mwenye nyuso mbili, na lugha inayotumika kuifundisha haina budi kuwa na uwezo wa kuzitaja nyuso zote mbili bila kuzichanganya.

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kubeba elimu hiyo. Hoja inayotetewa ni kwamba Kiswahili hakina upungufu wa maneno katika uwanja huu. Kilichopungua ni mipaka baina ya maneno yaliyopo. Aidha, inadaiwa kwamba mpaka wa kwanza unaopaswa kuwekwa wazi ni ule baina ya kuvu na sumu yake, kwa kuwa kuuacha ukiwa umefifia ni kuuweka uhai wa watu hatarini.

2.0 Kuvu katika msamiati wa Kiswahili

Msamiati wa asili unaohusu kuvu ni mpana. Ukungu ni neno lenye maana zaidi ya moja: ni mvuke unaotanda angani alfajiri, na pia ni uotaji mweupe au wa kijani unaofunika chakula kilichochacha. Maana ya pili haiko mbali na ya kwanza, kwani zote zinahusu kitu chepesi kinachotanda juu ya kingine. Kuvu hutumika kwa maana hiyo ya pili. Koga hutajwa kwa utando wa uchafu, ukiwemo ule wa meno, na kawa kwa madoa yanayotokea katika nguo zilizokunjwa zikiwa na unyevunyevu. Uyoga ni jina la ile sehemu inayochomoza ardhini au katika magogo, ambayo aghalabu huliwa. Hamira na chachu ni majina ya vitu vya kuumulia unga na kuchachulia vinywaji.

Wakulima nao wana maneno yao. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaufahamu vyema ugonjwa wa ubwiri unga, ambao huyafunika maua na majani machanga ya mkorosho kwa kitu mfano wa unga. Wakulima wa kahawa huzungumzia kutu ya majani, kwa kufananisha rangi ya ugonjwa huo na kutu ya chuma. Katika zahanati, magonjwa ya ngozi yanayosababishwa na viumbe hawa huitwa fangasi, neno la mkopo ambalo kwa watu wengi limebaki na maana ya ugonjwa tu.

Mambo mawili yanajitokeza katika orodha hii. Kwanza, maneno mengi hutaja kinachoonekana wala si kiumbe chenyewe: unga, kutu, madoa, utando. Mnenaji wa kawaida hana sababu ya kujua kwamba ubwiri unga, uyoga na hamira ni ndugu. Pili, sarufi yenyewe huelekeza fikra. Ukungu umo katika ngeli ya U-, pamoja na vitu visivyohesabika kama unga na uji. Hauhesabiwi, hutanda tu na hufutwa. Kuvu, inapoingizwa katika ngeli ya I-/ZI-, yaweza kuhesabika: kuvu hii, kuvu hizi, kuvu mbili tofauti. Kwa sababu hiyo, neno kuvu linafaa zaidi kuwa istilahi ya jumla ya kisayansi, na ukungu kubaki kuwa jina la uotaji unaoonekana kwa macho.

Kitenzi kinachoambatana na majina haya nacho kinastahili kuangaliwa. Husemwa kwamba chakula kimeota ukungu, kama vile shamba linavyoota majani. Lugha, kwa hiyo, imeiweka kuvu upande wa mimea. Sayansi nayo ilifanya hivyo kwa muda mrefu, hadi R. H. Whittaker alipopendekeza mwaka 1969 mgawanyo wa viumbe hai katika himaya tano, ambamo kuvu zilipewa himaya yao. Tafiti za molekuli zilizochapishwa mwaka 1993 zilionyesha kwamba kuvu zina undugu wa karibu zaidi na wanyama kuliko na mimea. Kuta za seli zake zina kitini, kemikali inayopatikana pia katika magamba ya wadudu. Kitenzi kuota hakina haja ya kuondolewa kwa ajili hiyo, lakini mwalimu hana budi kumfahamisha mwanafunzi kwamba kinachoota si mmea.

3.0 Umbile na maisha ya kuvu za nyuzi

Kuvu zimegawanyika katika maumbo makuu mawili. Hamira ni mfano wa kuvu zenye seli mojamoja. Kundi la pili, ambalo ndilo shabaha ya makala haya, ni kuvu za nyuzi. Mwili wa kuvu hizi umejengwa kwa nyuzi nyembamba, ambazo kwa kawaida zina unene wa maikromita 2 hadi 10, na maikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa kuiga muundo wa neno sumukuvu, ambalo limekwisha kuzoeleka, inapendekezwa kwamba uzi mmoja uitwe uzikuvu, wingi wake nyuzikuvu. Mkusanyiko wa nyuzi hizo zilizosukana waweza kuitwa utando wa kuvu.

Uzikuvu hurefuka kwenye ncha yake. Vifuko vidogo vyenye malighafi ya ukuta wa seli pamoja na vimeng'enya husafirishwa hadi nchani, vikafunguka hapo na kuusukuma ukuta mbele. Nyuma ya ncha uzi hutoa matawi, nayo hutoa mengine. Kwa njia hiyo utando hupenya ndani ya punje ya mahindi, ndani ya gogo au ndani ya udongo. Ule weupe au ukijani unaoonekana juu ni sehemu tu ya kiumbe, nayo aghalabu ni sehemu ya uzazi. Humo hutengenezwa spora, chembe nyepesi zinazopeperushwa na upepo na kuanzisha utando mpya zinapopata unyevu na chakula.

Ulaji wa kuvu ni kinyume cha ule wa mnyama. Mnyama humeza ndipo ameng'enye. Kuvu humeng'enya ndipo inyonye. Vimeng'enya hutolewa nje ya uzi, huvunja wanga, protini au selulosi iliyo jirani, kisha viini vilivyoyeyuka hufyonzwa ndani. Tabia hii ndiyo iliyozifanya kuvu za nyuzi kuwa na thamani kubwa viwandani. Kiumbe kinachotoa vimeng'enya vyake nje kwa wingi humwepushia mtengenezaji kazi ya kuvunja seli ili kuvipata. Yatosha kuchuja kioevu kilichoizunguka kuvu.

Pamoja na vimeng'enya, kuvu za nyuzi hutengeneza kemikali ambazo hazihitajiki moja kwa moja kwa ukuaji wake, lakini ambazo huenda zikaifaa katika mashindano na viumbe wengine. Penisilini ni mojawapo ya kemikali hizo, na aflatoksini ni mojawapo pia. Kibiolojia dawa na sumu zimetoka katika karakana moja.

4.0 Jenasi moja, kazi nyingi

Ukweli huo hudhihirika vizuri katika jenasi ya Aspergillus. Jina hilo lilitolewa mwaka 1729 na Pier Antonio Micheli, mtaalamu wa mimea wa Italia. Alipoitazama kuvu hiyo kwa hadubini aliona kichwa chenye mistari ya spora iliyotawanyika, kikamkumbusha chombo kinachotumiwa na makasisi kunyunyizia maji ya baraka. Yafaa kuzingatiwa kwamba hata istilahi za Kilatini, ambazo leo huonekana kuwa za kisayansi tupu, zilianza kwa kufananisha kitu na kitu, sawa na ubwiri unga na kutu ya majani.

Spishi tatu za jenasi hiyo zinatosha kwa mjadala huu. Ya kwanza ni Aspergillus niger, yenye spora nyeusi. Zamani asidi ya sitriki ilitokana hasa na malimau ya Italia. Mwaka 1917 mwanakemia James Currie wa Marekani alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kuvu hii, ikikuzwa katika maji ya sukari yenye asidi nyingi, hutoa asidi ya sitriki kwa wingi. Leo takriban asidi yote ya sitriki inayouzwa duniani hutokana na uchachushaji wa namna hiyo. Kuvu hiyohiyo, ikipandikizwa jeni ya ndama, hutumika kutengeneza kimosini, kimeng'enya cha kugandishia maziwa ya jibini.

Spishi ya pili ni Aspergillus oryzae. Kwa karne nyingi Wajapani wameikuza juu ya mchele uliopikwa kwa mvuke ili kupata koji, ambayo ndiyo msingi wa pombe ya sake. Kazi yake yaweza kulinganishwa na ile ya kimea katika utengenezaji wa togwa na pombe za nafaka: kugeuza wanga kuwa sukari. Tofauti ni kwamba katika kimea vimeng'enya hutoka katika punje inayochipua, ilhali katika koji hutoka katika kuvu. Mwaka 1894 Takamine Jokichi alipata hataza nchini Marekani ya kutengeneza kimeng'enya kutokana na kuvu hii, na hatua hiyo huhesabiwa miongoni mwa mianzo ya viwanda vya vimeng'enya.

Spishi ya tatu ni Aspergillus flavus, mtengenezaji wa aflatoksini. Jinomu ya A. oryzae, iliyochapishwa mwaka 2005 ikiwa na takriban jeni 12,000, ilithibitisha kwamba spishi hizi mbili zina undugu wa karibu mno. A. oryzae huhesabiwa kuwa ni A. flavus iliyofugwa, kama mbwa alivyotokana na mbwamwitu. Jeni za kutengenezea sumu bado zimo ndani yake, nzima au vipande, lakini hazifanyi kazi. Kwa macho matupu ni vigumu kumwonyesha mtu tofauti baina ya ukungu wa koji na ukungu unaoua.

Penisilini nayo inafunza jambo kuhusu umbile la nyuzi. Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928, lakini ilipofika mwaka 1941, wakati Howard Florey, Ernst Chain, Norman Heatley na wenzao wa Oxford walipoanza kuwatibu wagonjwa, kiasi kilichopatikana kilikuwa kidogo mno. Kuvu ilikuzwa juu ya uso wa kioevu katika vyombo visivyo na kina. Wingi wa dawa ulipatikana baada ya wataalamu wa Marekani kuikuza ndani ya matangi makubwa yanayopulizwa hewa, na baada ya kupatikana mwaka 1943, katika tikiti lililoota kuvu huko Peoria, kuvu ya Penicillium iliyotoa penisilini nyingi zaidi. Hata hivyo, nyuzi zinaposukana tangini huufanya mchanganyiko kuwa mzito kama uji, na hewa hupenya kwa shida. Namna ya kuongoza umbo la utando ndani ya tangi ingali mada kubwa ya utafiti hadi leo.

5.0 Sumu si kuvu

Aflatoksini ilitambuliwa kutokana na vifo vya ndege wa kufugwa. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza, na uchunguzi ukaonyesha kwamba walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga kutoka Brazili yaliyoathiriwa na A. flavus. Jina aflatoksini liliundwa kwa kuchukua herufi ya kwanza ya Aspergillus, silabi ya mwanzo ya flavus, na neno lenye maana ya sumu. Katika Kiswahili cha Tanzania kumeenea neno sumukuvu, ambalo limetumiwa pia na wizara ya kilimo katika mradi wa kudhibiti sumu hizo.

Kimuundo sumukuvu ni neno zuri. Ni fupi, linaeleweka bila kufasiriwa, na zaidi ya yote linatenganisha vitu viwili: kuna kuvu, na kuna sumu ya kuvu. Faida ya utengano huo huonekana pale ambapo neno ukungu hutumiwa peke yake. Mama wa nyumbani akiambiwa kwamba ukungu ni hatari, atafuta ukungu. Atayaosha mahindi, atayaanika upya, atayapepeta hadi yang'ae, na atakuwa ametii kikamilifu alichoambiwa. Lakini sumu haikuwa juu ya punje. Ilikwisha kuingia ndani pamoja na nyuzikuvu, nayo hubaki hata baada ya kuvu yenyewe kufa. Kuichemsha hakusaidii, kwa sababu aflatoksini huhimili joto kubwa kuliko la maji yanayotokota. Kinyume chake ni kweli vilevile: punje inayoonekana safi yaweza kuwa na sumu, kwa kuwa haina rangi wala harufu inayotambulikana kwa viwango vinavyodhuru.

Mambo yaliyobainika Kenya mwaka 2004 yanaunga mkono haja ya maelezo hayo. Uchunguzi wa sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake kutoka masoko ya sehemu zilizoathirika ulionyesha kwamba asilimia 55 zilizidi kiwango cha sehemu 20 kwa bilioni kilichoruhusiwa wakati huo, na asilimia 7 zilizidi sehemu 1,000 kwa bilioni. Mahindi hayo yalikuwa yakiuzwa na kununuliwa. Ilionekana pia kwamba waliougua, wakilinganishwa na majirani wao wazima, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wamehifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba. Wala hayo hayakuwa mapya kabisa: mwaka 1981 watu 12 kati ya 20 waliougua kwa sababu hiyohiyo huko Machakos walikufa.

Vifo vya ghafla ni sehemu tu ya madhara. Kiasi kidogo cha aflatoksini kinacholiwa kwa miaka mingi husababisha saratani ya ini, na hatari huongezeka sana kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Ng'ombe anayelishwa pumba zenye sumu huipitisha katika maziwa ikiwa imebadilika umbo.

Hata hivyo, neno sumukuvu lina tatizo moja. Katika matumizi ya kawaida limekuwa kisawe cha aflatoksini, ilhali kuna sumu nyingine za kuvu. Fumonisini, iliyogunduliwa Afrika Kusini mwaka 1988, hutokana na kuvu ya Fusarium na hupatikana sana katika mahindi. Mkulima akiambiwa kwamba mahindi yake yamepimwa na hayana sumukuvu, yafaa ajue ni sumu ipi iliyopimwa.

6.0 Kuvu dhidi ya kuvu

Haja ya istilahi bainifu hudhihirika zaidi katika mbinu inayotumia kuvu kuizuia kuvu. Ndani ya spishi ya A. flavus kuna koo nyingi, na baadhi ya koo hizo kwa asili hazina uwezo wa kutengeneza aflatoksini. Watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani na wa taasisi ya IITA yenye makao yake Ibadan, Nigeria, waliendeleza bidhaa iitwayo Aflasafe kutokana na koo za namna hiyo. Punje za mtama zilizouawa ili zisiote hupakwa spora za koo nne zisizo na sumu, zilizopatikana katika nchi husika, kisha hurushwa shambani kwa kiasi cha kilo 10 kwa hekta, wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kuchanua. Koo hizo hulitangulia shamba, na zile zenye sumu hukosa nafasi. Bidhaa hii imesajiliwa nchini Kenya na Tanzania, miongoni mwa nchi nyingine.

Ni dhahiri kwamba mbinu hii haielezeki katika lugha yenye neno moja tu. Bwana shamba aliyewaambia wanakijiji kwa miaka mingi kwamba ukungu unaua atawezaje kuwataka wanunue ukungu na kuurusha mashambani mwao? Ataonekana mwendawazimu au tapeli. Akiwa na maneno matatu, yaani kuvu, ukoo wa kuvu na sumukuvu, atasema kwamba kuvu ina koo nyingi, kwamba ukoo mmoja una sumu na mwingine hauna, na kwamba usio na sumu hupandwa ili umfukuze mwenziwe. Maelezo hayo yanaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuona magugu yakishindana na mazao.

7.0 Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na mjadala huu, mapendekezo yafuatayo yanatolewa:

(a) Kuvu iwe istilahi ya jumla ya himaya nzima ya viumbe hawa, katika ngeli ya I-/ZI-. Kuvu za nyuzi iwe jina la zile zenye mwili wa nyuzi.

(b) Ukungu ubaki kuwa jina la uotaji unaoonekana juu ya kitu, na fangasi libaki katika uwanja wa tiba.

(c) Uzikuvu, utando wa kuvu na spora yatumike kwa sehemu za mwili na uzazi. Ukoo litumike kwa kundi dogo ndani ya spishi moja.

(d) Sumukuvu liwe jina la sumu zote zitokanazo na kuvu; aflatoksini na fumonisini yawe majina ya sumu mahususi.

(e) Majina ya wakulima, kama ubwiri unga na kutu ya majani, yahifadhiwe na kufafanuliwa katika vitabu vya shule badala ya kufutwa, kwani ndiyo daraja baina ya darasa na shamba.

Istilahi peke yake haikaushi mahindi. Kinga ya kwanza ingali ile ile: kuvuna kwa wakati, kutoanika juu ya udongo mtupu, na kuhifadhi nafaka iliyokauka hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo aweza kutia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu na kuitikisa. Chumvi ikinata katika kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi kwa kuhifadhiwa. Lakini ushauri wa namna hiyo hufuatwa pale unapoeleweka sababu yake, na sababu hiyo haielezeki pasipo kutenganisha kiumbe na sumu yake. Lugha iliyoweza kuunda neno sumukuvu imekwisha kuonyesha kwamba inaimudu kazi hiyo. Kilichobaki ni kwa walimu, waandishi wa vitabu, mabwana shamba na watangazaji wa redio kulitumia neno hilo na mengine ya jamii yake kwa maana moja, mahali pote.